Zotero, programu ya kupanga marejeleo: inajua kuhesabu, haijui kwamba Wizara ya Afya si mtu

Sentensi ilikuwa fupi na haina makuu. Nilikuwa nimeandika kwamba utaratibu wa zamani wa kliniki ulimtaka mama mjamzito aje mara nne, na kwa ile tabia yetu ya ripoti za serikali nikaongeza tarakimu kwenye mabano: nne (4). Mswada uliporudi kutoka saiba, mama yule yule alitakiwa aje mara nne (44). Mimba ya wiki 40, kliniki 44. Na mimi, kwa haraka na kwa kuamini watu, nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu nikautuma kwa jarida.

Mimi ni mkunga hapa Kisumu, mwaka wa kumi na tisa sasa wodini. Kuandika makala ya jarida la kitabibu halikuwa wazo langu, lilikuwa la daktari mmoja kijana tunayefanya naye kazi. Tulikuwa na swali letu la siku nyingi: kwa nini akina mama wanaanza SP vizuri, halafu wanapotea kabla ya dozi ya tatu? Kwa asiyetoka kanda ya ziwa, SP ni vile vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria. Anavimeza mbele yako, kikombe cha maji mkononi, na tangu 2012 WHO inapendekeza apewe kila ajapo kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili, mradi dozi zipishane kwa mwezi mmoja au zaidi. Tulikusanya takwimu zetu, tukapata kibali, tukaandika. Kuandika kulikuwa rahisi. Kilichotutoa jasho ni ile orodha ya mwisho ambayo hata msomaji mwenyewe huiruka.

Marejeleo yalikuwa 43. Nilikuwa nimeyaandika kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa mtindo wa Vancouver. Jina hilo ni la mji wa Kanada ambako wahariri wachache wa majarida ya kitabibu walikutana Januari 1978 wakakubaliana miswada iwe na sura moja. Sheria yake kuu hata mtoto anaielewa: chapisho la kwanza kutajwa linapewa namba 1 kwenye mabano, la pili namba 2, na likitajwa tena huko mbele linabaki na namba yake ile ile. Balaa lake nalo hata mtoto anaweza kuliona. Ukiongeza chapisho moja jipya kwenye aya ya pili, yote yanayofuata yanasogea.

Ndivyo ilivyokuwa. Daktari alisoma rasimu, akasema hatuwezi kuzungumzia malaria ya wajawazito bila kutaja mwongozo fulani, akauchomeka mahali pa namba 4. Kwa hiyo 4 iwe 5, 5 iwe 6, hadi 43 iwe 44. Nilikuwa na zamu tatu mfululizo. Nikapeleka flashi saiba moja mjini, kijana akaniambia, "Mama, niachie tu, kesho asubuhi iko tayari." Shilingi 1,500.

Simlaumu sana. Hakuwa mvivu, alikuwa na haraka. Alichofanya ni kuiambia kompyuta itafute (4) iweke (5) kila mahali. Halafu itafute (5) iweke (6). Je, unaona? Akifika kwenye (5), zile zilizokuwa 4 tayari ni 5, kwa hiyo zote pamoja zinakuwa 6. Halafu zote zinakuwa 7. Ni kama matatu ya Kondele, kila kituo inabeba waliokuwepo na wapya, hakuna anayeshuka. Alipofika mwisho, kila rejeleo kuanzia la nne hadi la arobaini na tatu lilikuwa (44), na kliniki zangu nne zilikuwa zimepanda matatu hiyo hiyo. Angeanzia mwisho, 43 iwe 44 kwanza, kisha 42 iwe 43, angalau marejeleo yangepona. Jarida lilitujibu baada ya siku tatu. Hawakuwa wameupeleka kwa wahakiki. Barua ilikuwa ya heshima, na heshima ile ndiyo iliyoniuma.

Zotero nilioneshwa na mwanafunzi wa unesi saa tisa usiku. Wodi ilikuwa imetulia, mama mmoja tu amefunguka sentimita nne na bado ana muda, nami nimeinamia laptopu na peni nyekundu.

"Sista, hizo namba unaandika na mkono?"

"Sasa niandike na nini, mguu?"

Akacheka, akavuta kiti. "Kuna kitu inafanya hiyo kazi. Na ni ya bure."

Aliponitajia jina nilidhani ni dawa ya minyoo. Kumbe limetoka kwenye neno la Kialbania lenye maana ya kukimudu kitu, kukifanya chako. Programu yenyewe ilitoka 2006, ikatengenezwa na watu wa historia, si wa tiba, katika chuo kikuu cha George Mason kule Virginia, Marekani. Pengine ndiyo sababu haikutaka kunifundisha udaktari.

Nimeitumia miezi saba sasa, kwa mswada huo na mwingine mfupi, kwa hiyo ninachosema hapa nimekipitia mwenyewe.

Kazi yake ya kwanza ni kabati. Unaiweka kwenye kompyuta, unaongeza kidude chake kidogo kwenye kivinjari, na ukiwa umefungua makala kwenye PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba, unabonyeza alama yake juu: mwandishi, kichwa, jarida, mwaka, kurasa, vyote vinaingia vyenyewe. Ukiwa kwenye orodha ya matokeo, alama inageuka kuwa ya folda na unachagua kumi kwa mpigo. Lakini mimi nilipenda zaidi kile kitufe chenye kijiti cha mazingaombwe. Unabandika PMID, ile namba ambayo PubMed huipa kila makala, au DOI, ile inayoanza na 10, nayo inakwenda kuleta taarifa zote. Zangu niliziandika kwenye faili moja, namba juu ya namba kama rejista ya chanjo, nikazibandika zote pamoja. Kabati likajaa kabla chai haijapoa. Yaliyobaki nje yalikuwa machache: miongozo ya wizara, vitabu vya WHO, ripoti ya takwimu. Hayo niliyaingiza kwa mkono, na huko ndiko nilikokanyaga miiba. Nitafika.

Kazi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ndani ya Word inajitokeza sehemu mpya juu yenye jina lake. Unaweka kielekezi baada ya sentensi, unabonyeza, kisanduku chembamba kinafunguka, unaandika herufi chache za jina la mwandishi, unachagua, unapiga Enter. Namba inakaa. Mwisho wa mswada unaiambia iweke orodha, inaiweka. Siku ya kwanza nilichukua aya nzima ya Majadiliano, nikaikata, nikaibandika kwenye Utangulizi, makusudi, kama mtu anayejaribu breki za pikipiki mpya. Namba zote zikajipanga upya, na orodha chini ikabadilika pamoja nazo. Nilirudisha aya mahali pake, nazo zikarudi. Nilifanya mara nne. Mwanafunzi alidhani nimechanganyikiwa na usingizi.

Jambo moja la kwetu: haihitaji bando kila saa. Intaneti unaitaka wakati wa kuleta taarifa tu. Baada ya hapo kabati liko ndani ya mashine yako, na hata stima ikipotea mtaa mzima unaendelea kunukuu hadi betri ikate. Akaunti ya bure inakupa megabaiti 300 za kuhifadhi mafaili kwenye seva yao, na zinazohesabiwa ni PDF, si taarifa za makala. Ukiitaka gigabaiti 2 utalipa dola 20 kwa mwaka. Mimi PDF zangu naziacha kwenye laptopu na nakala kwenye flashi, sijalipa hata senti.

Sasa miiba.

Nilipotazama orodha ya kwanza iliyotoka, rejeleo la 6 lilikuwa la mtu anayeitwa Organization WH. Nikajiuliza ni nani huyu, Mchina? Ni WHO. Nilikuwa nimeandika World Health Organization kwenye nafasi ya jina kana kwamba ni binadamu, na programu ikafanya inavyofanyia binadamu wote kwa Vancouver: jina la mwisho mbele, mengine yabaki herufi za kwanza. Wizara yetu ya Afya, kwa Kiingereza Ministry of Health, ilikuwa imekuwa Bwana Health M of. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu pembeni ya nafasi ya jina kuna kitufe kidogo cha kuunganisha visanduku viwili kuwa kimoja, na ukikibonyeza taasisi inabaki taasisi. Lakini hakuna anayekuambia. Na ukianza kutazama marejeleo ya watu wengine utawaona akina Organization WH wamejaa kwenye majarida makubwa, wamechapishwa, wamekaa raha mustarehe.

Majina yetu ni kesi nyingine. Ong'wen mmoja anaingia na ritifaa iliyonyooka, makala nyingine inamleta na ritifaa iliyopinda, ya tatu inamleta Ongwen tupu. Kwa mashine hao ni watu watatu. Kisha kuna wale ambao jarida lilichukua jina lao la katikati likalifanya la ukoo, kwa sababu mhariri aliyeko mbali hajui kwamba Akinyi si jina la baba. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Unafungua makala yenyewe, unatazama mwandishi alivyojiandika, unafuata hivyo.

Vichwa vya makala pia. Mtindo huu unataka herufi kubwa mwanzoni tu na kwenye majina, lakini taarifa zinazoletwa nyingine zinakuja Kila Neno Na Herufi Kubwa. Kuna amri ya kuzigeuza kwa kubonyeza kulia juu ya kichwa. Ukiitumia, kagua Kenya na Plasmodium zisije zikateremshwa cheo. Na kama jarida linataka majina ya vijidudu yalazwe kwa italiki, utaweka alama <i> kabla na </i> baada, moja kwa moja kwenye kichwa. Niliona inachekesha mwanzoni, mkunga anaandika kama fundi wa tovuti, lakini inafanya kazi.

Majina ya majarida yanafupishwa kwa namna moja inayokubalika na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Malaria Journal ni Malar J, East African Medical Journal ni East Afr Med J, na Lancet, kwa kuwa ni neno moja, haifupishwi. Zotero inazileta nyingi hizi sawasawa. Zile za kuingiza kwa mkono ni juu yako.

Nikiwa nimejiona bingwa, tukabadili jarida. La pili lilitaka mtindo mwingine, unaofuata ule wa AMA, chama cha madaktari cha Marekani, ambao jarida lao la JAMA hutumia: namba ndogo zilizopanda juu badala ya mabano, na waandishi wakizidi sita unataja watatu wa kwanza tu, ilhali Vancouver yetu ya kwanza ilitaja sita. Kwa mkono hiyo ni wiki. Kwa Zotero nilifungua mipangilio ya mswada, nikachagua mtindo, nikapiga sawa. Zikaruka zote kwa pamoja kama ndege walioshtuliwa kwenye mpunga wa Ahero, na orodha chini ikapungua urefu mbele ya macho yangu. Mitindo iliyomo kwenye hazina yao inazidi 10,000, kwa hiyo jarida lako pengine limo kwa jina.

Nikatuma? Hapana, nimeshaungua. Nilichapisha nikasoma kwa rula, mstari kwa mstari. Na nikaona. Kwenye mabano huwa tunaacha nafasi kabla ya namba, na nukta inakuja baada ya mabano. Kwenye namba zilizopanda juu hakuna nafasi, na namba inakaa baada ya nukta. Zotero ilikuwa imebadilisha namba, lakini nafasi na nukta ni maandishi yangu mimi, haikuyagusa. Kwa hiyo kila namba ilikuwa inaelea peke yake hewani, nyuma yake nukta imebaki kama mtu aliyeachwa na tuktuk. Mahali sitini na zaidi, nikayarekebisha moja moja kwa jioni mbili. Mahali pengine nikakuta nimechomeka vyanzo vitatu kwa mara tatu, zikawa namba tatu zimebanana bila mpango. Ukitaka zitoke 5-7, viweke vyote kwenye kisanduku kimoja, mara moja.

Kuna kosa jingine tulilifanya sisi wenyewe. Daktari alipandisha faili kwenye Google Docs ili asome akiwa njiani kwenda Siaya, akairudisha. Namba zilionekana ziko sawa, ila zilikuwa zimekufa, hazijipangi tena. Zotero inafanya kazi na Google Docs pia, na Word, na LibreOffice, lakini kuhamisha mswada kutoka moja kwenda nyingine kuna amri yake maalumu kwenye mipangilio, si kupandisha tu. Tulikuwa na nakala ya juzi yake, tukapona. Tangu hapo yeye anasoma PDF na kuniandikia maoni kwa WhatsApp, na mimi ndiye mwenye ufunguo wa faili.

Njia ya kujua kama namba ni hai ni rahisi mno: iguse kwa kielekezi. Ikigeuka kijivu, ina uhai. Isipogeuka, ni wino tu. Siku hizi mtu akiniambia amelipa saiba au mtu wa chuo amfanyie marejeleo, hilo ndilo ninalomwambia afanye kabla hajatoa pesa. Guso moja. Kabla ya kutuma kwa jarida, lakini, utaziua mwenyewe kwa makusudi kwa kitufe cha "Unlink Citations", kwa sababu baadhi ya mifumo ya majarida hukasirika ikikuta misimbo. Fanya hivyo kwenye nakala, kamwe si kwenye faili mama. Hakuna kurudi.

Sehemu iliyonishangaza sikuitarajia kabisa. Nilisikia kwamba inaweza kukuonya ukinukuu makala iliyofutwa na jarida lake, kwa kuwa inalinganisha kabati lako na hifadhidata ya Retraction Watch, wanaofuatilia makala za namna hiyo. Nikaijaribu na ile makala ya Wakefield ya 1998 kwenye Lancet, ile iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji, ambayo Lancet ilikuja kuifuta Februari 2010. Nikabandika PMID yake, 9500320. Utepe mwekundu ukatokea juu ya taarifa zake. Mimi nimechanja watoto miaka yote hii, nimeketi na akina mama walioletewa maneno ya makala ile bila hata kujua yalikotoka, na ule utepe mwekundu niliutazama kwa muda. Kisha nikaifuta kabatini.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kile kitufe cha taasisi kilichojificha, na kwa sababu anayeanza peke yake usiku bila mtu wa kumwonyesha atapoteza siku mbili kuelewa kilicho wapi. Kuna programu nyingine za kazi hii: EndNote sijaigusa maana inalipiwa, na Mendeley niliiona tu kwa mwenzangu, siwezi kuisemea. Kama una marejeleo kumi ya kazi ya darasani, andika kwa mkono, usijisumbue. Ukizidi ishirini, na una mwandishi mwenza mwenye tabia ya kuchomeka vitu kwenye aya ya pili, iweke leo.

Mswada uko kwa wahakiki. Mmoja ametupongeza, wa pili ana maswali kumi na moja, na la tisa linahusu marejeleo: anasema namba 17 haina kurasa, tumeweka herufi e na tarakimu nyingi zisizoeleweka. Makala hiyo ni ya PLoS One, jarida la mtandaoni lisilo na namba za kurasa, lina hiyo namba ya e tu. Daktari amesema nimjibu kwa upole. Nimeandika jibu mara tatu, nimefuta mara tatu. Nina zamu ya usiku Alhamisi, nitajaribu tena saa tisa.